Mwangwi Uliotangulia

Alasiri ilikuwa inakwisha nilipokwenda kwa Kombo, fundi redio wa Dunda, kununua waya wa risasi wa kuchomea. Nilitaka kuitengeneza pedali ya gitaa ya marehemu mdogo wangu, Masoud, niliyoikuta imekatika nyaya.

Masoud alikuwa mpiga gitaa wa harusini. Pedali ile aliiunda mwenyewe ndani ya kopo la biskuti: saketi, chipu aliyoagiza mtandaoni, maikrofoni ndogo, tundu la gitaa na tundu la MIDI la kuunganishia kinanda. Kazi yake ilikuwa mwangwi. Ukitoa sauti inaihifadhi, halafu inairudisha baadaye kidogo.

Kombo alinipa risasi bila kunitazama usoni.

"Ishaka, zile nyaya hazikukatika," alinong'ona. "Alizikata mwenyewe, hapa hapa mbele yangu."

"Kwa nini?"

"Hakusema. Alikuwa analia."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilikuwa na hamu na ndugu yangu, hamu ya kuumwa nayo, na nilitumaini ndani ya kopo lile imebaki japo sauti yake.

Mama alishakataza muziki ndani hadi arobaini ipite, na tulikuwa siku ya thelathini na tatu. Nikajidanganya kuwa kujaribu kifaa si muziki. Nikajifungia chumbani kwa Masoud, nikaunganisha nyaya, nikachomeka spika.

Moshi wa risasi ukapanda. Ulinukia kafuri... ile tuliyomtia Masoud kwenye sanda.

Nikakanyaga swichi.

Kho... kho...

Spika ilikuwa imekohoa, na kikohozi kilikuwa cha mama. Nikatega sikio. Ukumbini kimya. Kisha mama akakohoa, mara mbili vilevile.

Mwangwi ulikuwa umetangulia.

Nikazungusha kidogo kitufe cha kurefusha muda. Adhana ya magharibi ikatoka spikani, ikaisha. Nikakaa nikihesabu pumzi zangu, mpaka msikitini nako wakaadhini.

Ndipo nilipoielewa wiki ya mwisho ya Masoud. Tangu arudi kwa Kombo hakutoka nje kabisa. Alishinda miguuni pa mama, akimwomba radhi kwa makosa ambayo hata hakuyafanya. Mama mwenyewe ndiye aliyemtoa, kwa huruma tu: "Nenda Lugoba mwanangu, mpelekee shangazi yako dawa, upate na hewa." Lori likamgonga barabarani. Kumbe maskini alikuwa ameshasikia jinsi mama atakavyomlilia.

Ningezima. Sikuzima. Nikazungusha kitufe hadi mwisho wake.

Kimya... Mlango ukalia, kriii. Halafu sauti yangu mwenyewe.

"Mama... Mama... Mama..."

Hakuna aliyejibu.

Nilizikata zile nyaya kwa meno.

Kama mle mlikuwa na jini, au mkono wa mtu aliyemhusudu Masoud, sijui hadi leo. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile sitoki nyumbani. Kila asubuhi nakohoa mlangoni kwa mama, naingia, nasema shikamoo, basi. Lile neno silitamki. Juzi akanishika mkono.

"Mbona siku hizi huniiti mama?"

"Koo tu limenikauka."

Akanitazama sana. "Na Masoud alikuwa hivihivi," alisema, akaanza kulia. Nikalia naye, wala sikuweza kumwambia tunalilia nini.

Leo jua limeshapanda na mama hajatoka. Nimekohoa. Nimebisha hodi. Nimesukuma mlango, ukalia, kriii. Yuko kitandani, amejifunika shuka, amegeukia ukutani.

Neno limenijaa kinywani. Nimesimama hapa, midomo nimeifumba. Maadamu sijamwita, amelala tu.