Jani Alilomshikia Mgeni

Pil-gu aliacha kutafuna.

Walikuwa wamekaa watatu sakafuni, wamezunguka meza fupi: yeye, mkewe Mal-sun, na yule Mreno, Nuno, aliyepanga chumba kilichobaki wazi baada ya mtoto wao Jun-o kuhamia Seoul. Nuno yuko likizo, kaja huku Damyang, Korea Kusini, kula na kujifunza mapishi, na kila kitu anapiga picha, mpaka figili. Sasa alikuwa anahangaika na majani ya kkaennip, yale yanayolazwa kwenye sosi ya soya mpaka yanagandana kama karatasi zilizolowa. Anavuta moja, yanakuja manne. Mal-sun, bila hata kukatisha maneno yake, akanyoosha vijiti vyake akayabana ya chini, mgeni akatoa lake.

Hilo tu. Lakini pale kwao hilo si jambo dogo. Jani unamshikia mumeo, unamshikia mwanao, basi. Wachumba wananuniana kwa hilo, na kwenye televisheni watu wazima wanabishana mpaka mishipa inawatoka.

Jioni Pil-gu akaenda kwa Chun-bae, rafiki yake wa tangu jeshini, wakanywa pombe ya mchele. Hakutaka kusema. Kikombe cha pili ndicho kilichosema.

"Alimshikia jani?" Chun-bae akauliza.

"Alimshikia."

"Na wewe amewahi kukushikia?"

Pil-gu akafikiria. "Mimi natoa mwenyewe."

"Basi una shida, mzee mwenzangu."

"Yule ana umri wa mwanetu."

"Mimi sijasema kitu. Nimesema una shida. Kunywa."

Sasa mtu ukishatiwa neno kama hilo, macho hayalali. Pil-gu akaanza kuona vitu. Mke anaimba akiosha mchele. Mke kavaa ile sweta ya zambarau iliyokuwa ya kuendea harusi za watu. Nuno akionja mchuzi anafumba macho, anaweka mkono kifuani, na Mal-sun anacheka kaziba mdomo kwa kiganja, cheko ambalo Pil-gu mara ya mwisho alilisikia wakiwa wachumba. Akiingia yeye jikoni, mazungumzo yanakatika. Akiuliza walikuwa wanasema nini, anaambiwa ni habari za vitunguu. Vitunguu gani hivyo vya kunong'onezana?

Siku moja Mal-sun akasahau simu kwenye mkeka. Pil-gu hakuwa mtu wa kushika simu ya mwenzake, lakini ile simu ililia yenyewe, ikawaka, na maneno yakawa pale, Kikorea kilichopindapinda cha mtu anayetafsiriwa na mashine:

"Mama, nimekosa usingizi kwa furaha. Kesho mapema kwenye mitungi. Mzee asijue kwanza."

Akairudisha kama ilivyokuwa.

Asubuhi Mal-sun akatoka taratibu, na Pil-gu akamfuata na soksi tu. Nyuma ya nyumba iko mitungi ya familia, ya maharage, ya pilipili, ya soya. Akajibanza kwenye mti wa persimoni, anajiuliza akiwakuta atasema nini, na akikosa la kusema atafanya nini.

Akawakuta. Mal-sun kapiga magoti mbele ya mtungi mkubwa wa pembeni, anachota sosi nyeusi kwa upawa, anaimimina kwenye chupa. Nuno anaipokea kwa mikono miwili, kainama.

Pil-gu akachomoza nyuma ya mti, maana ule mtungi haukuwa wa mchezo. Ilikuwa sosi ya mama yake, na ya bibi kabla ya mama. Kila mwaka inaongezwa mpya juu ya ya kale, haiishi, na mama mkwe anamkabidhi mke wa mwanawe. Haitoki nje ya geti.

"Mama Jun-o."

Mal-sun hakushtuka. Akafunika mtungi kwanza. "Umeamka mapema, Baba Jun-o."

"Hiyo ni ya mama yangu."

"Ya mama yako. Alinikabidhi mimi."

"Akukabidhi umpe mzungu?"

"Alisema nimpe mkwe. Mkwe yuko wapi? Jun-o kasema haoi, na sosi ananunua dukani. Nikifa utaijaza wewe? Unajua inajazwa mwezi gani?"

Pil-gu hakujua. Akageukia lingine. "Na ile meseji? Mzee asijue?"

Hapo Mal-sun akamwambia yote. Mama yake Nuno ana mgahawa Porto, kwao Ureno. Wanataka Mal-sun aende akapike nao miezi ya baridi, awafundishe. Alikuwa anatafuta namna ya kusema.

"Unaniacha?"

"Kwenda naenda. La kuacha nilikuwa bado naamua."

Pil-gu akashika mti. "Kwa sababu yake?"

"Huyu ana mchumba, kila jioni ananionyesha picha zake. Ni kwa sababu yako. Nimekupikia tangu nina nywele nyeusi. Unakula, unafuta mdomo, unasema 'maji'. Mtoto wa watu kaonja mchuzi wangu mara moja, machozi yakamtoka. Nikajiuliza, mimi nilikuwa nampikia nani miaka yote hii?"

"Chakula kingekuwa kibaya si ningesema?"

Nuno, na Kikorea chake kidogo, hilo alilielewa. Akaangalia chini.

Mchana Pil-gu hakula. Alikaa barazani mpaka jua likahama, kisha akampigia mwanawe, kwa sauti kubwa kama kawaida yake, jikoni wanasikia kila neno.

"Jun-o, pasipoti inakatwa wapi?"

"Ya nani, baba?"

"Yangu."

"Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima. Anakwenda Ulaya kupika."

"Na wewe ukafanye nini huko? Ukale?"

"Kula nimekula sana. Nakwenda kumwambia kwamba chakula chake kitamu. Hapa naona aibu, watu wananijua. Kule hanijui mtu."

Mlango wa jikoni ukafunguka.

"Na nani kakualika?" Mal-sun akauliza.

"Hakuna. Ndiyo naomba."

Mal-sun akaenda kufunga geti, akarudi, akamwekea bakuli la mchuzi mbele yake. "Majirani nimewafungia nje. Anza hapa hapa."

Pil-gu akanywa kijiko kimoja. Akawa mwekundu toka masikioni mpaka shingoni. Tangu Jun-o azaliwe hakuwahi kumwita mkewe kwa jina lake.

"Kitamu, Mal-sun."

Mal-sun akavuta mto, akakaa karibu.

"Rudia," akasema. "Sikusikia."