Muda wa Kuchemsha Maharage

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kibiriti alipiga mswaki akiwa amesimama mlangoni, akiwatazama askari wa zimamoto wakikagua gari lao. Yeye na mama yake waliishi nyuma ya kituo, ukuta kwa ukuta na karakana, kwa hiyo harufu ya dizeli aliizoea kama watoto wengine wanavyozoea harufu ya chai. Jina la Kibiriti alipewa na askari hao hao, kwa wembamba wake na kwa hasira zake za haraka. "Hiki ndicho kituo pekee duniani," walipenda kusema, "ambako zimamoto wanafuga kibiriti!"

Mama yake alikuwa fundi mkuu wa magari. Gari lenyewe lilikuwa moja tu, zee, lenye viraka kila upande, na wote waliliita Bibi. Bibi alikohoa kabla ya kuwaka, na mlima aliupanda kwa kujikokota, lakini akifika penye moto, maji yalitoka. "Ana manung'uniko mengi, ila kazi anaifanya," mama alisema akipigapiga boneti kama mtu anayempongeza ng'ombe wake.

Hata hivyo jiji lilikuwa limekua, na Bibi peke yake hakutosha. Halmashauri ikaamua kununua magari matatu mapya, na mama akawekwa kwenye kamati ya ununuzi. Jioni alirudi amechoka, akasimulia yaliyozungumzwa huku akimenya viazi. Viwanda vilikuwa viwili. Cha kwanza kilijulikana. Magari yake yalikuwa yakitumika miaka mingi katika miji mingine, ila wateja walikuwa wengi na foleni ndefu. Cha pili kilikuwa kigeni kwa kila mtu, lakini kiliahidi kuleta magari upesi.

"Mmechukua kipi, mama?"

"Wakubwa wametaka cha upesi. Nimewabana kwa sharti moja tu." Mama aliweka kisu chini ili aeleze vizuri. "Ukiliunganisha gari na bomba la barabarani, maji yanakuja na nguvu zake yenyewe. Hata pampu mbovu itaonekana nzima. Pampu utaijua ikivuta maji kutoka chini, kwenye bwawa au shimo. Kwa hiyo hatupokei gari lolote mpaka livute maji lenyewe, tena kwa muda wa kutosha, si kuonja tu."

"Muda gani?"

"Muda wa kuchemsha maharage. Yale makavu!"

Kibiriti alicheka sana. Alimwona mama yake kuwa mtu asiyedanganyika hata kidogo.

Siku ya kupokea magari, kituo kilipambwa. Magari matatu yalipangwa mbele, mekundu, yaking'aa hata ungeweza kuchana nywele mbele ya milango yake. Meya alikuja, bendi ikaja, na wanafunzi wakapangwa mistari. Kibiriti alichaguliwa kushika mpira wa maji pamoja na Meya, yeye na rafiki yake aliyeitwa Kimya. Huyo aliitwa Kimya kwa utani, maana hakunyamaza hata akila. Alilelewa na bibi na babu yake. Babu yake alikuwa seremala, na mtaa mzima walimwita Babu Stuli kwa sababu kila mtoto wa hapo mtaani alimtengenezea kistuli cha kukalia. Cha Kibiriti kilikuwa nyumbani, karibu na dirisha, na hapo ndipo alipofanyia kazi zake za shule. Babu Stuli alikuwa amekuja siku hiyo akiwa amevaa koti, akiwapungia mkono wasichana hao wawili kama vile wao ndio wageni rasmi.

Nyuma ya kituo mama alikuwa ameshajaza maji kwenye shimo la saruji. "Tuanze na jaribio," alisema.

Mwakilishi wa kiwanda alitabasamu. "Fundi, kiwandani tumeshayajaribu yote. Wageni wako juani."

Mkuu wa kituo aliangalia saa yake, kisha akamwangalia mama, kisha saa tena. Meya alikuwa akijipepea. Kibiriti, aliyekuwa ameshika mpira wake kwa muda mrefu, aliona macho ya darasa zima yamemgeukia. Akamkimbilia mama yake na kumvuta mkono.

"Mama, jamani! Watu wote wanakungoja wewe tu. Unanitia aibu!"

Mama alimtazama binti yake, akawatazama wageni. Mabega yake yakashuka. "Haya," alisema. "Tutayajaribu kesho."

Gari likaunganishwa na bomba la barabarani. Maji yakaruka mpaka juu ya paa, bendi ikapiga, Kibiriti na Kimya wakalowa chapachapa na kucheka hadi kukosa pumzi. Kesho yake magari yalipangiwa zamu, mawili yakapelekwa vituo vingine, na hakuna aliyeuliza habari za jaribio. Bibi alisukumwa hadi kona ya ua, akatolewa betri.

Haukupita muda mrefu. Alasiri moja wasichana wakirudi kutoka shule waliona moshi mweusi upande wa chini wa mtaa. Kimya alikuwa akisimulia jambo, akalikatisha katikati. "Ni kwetu," alisema, na wote wawili wakatimua mbio.

Karakana ya Babu Stuli ilikuwa imejaa mbao kavu na maranda, na moto ulikuwa ukila kama ulioshinda na njaa. Majirani walipiga kelele kwamba mzee alikuwa amejilaza chumba cha nyuma. Gari jipya lilifika upesi kweli, king'ora kikilia, na watu wakashangilia. Askari wakamwaga maji ya tangi, moto ukarudi nyuma, wawili wakaanza kuingia. Kisha tangi likaisha.

Mtaa ule haukuwa na bomba la zimamoto barabarani, lakini bwawa la wafyatua matofali lilikuwa hatua chache tu, limejaa. Askari wakatumbukiza mpira wa kuvutia maji. Pampu ikaunguruma, ikapiga mluzi, ikatema hewa. Wakajaribu tena, na tena hewa. Mama alifika mbio, akiwa na ovaroli na spana mkononi, akapiga magoti kando ya pampu ile. Kibiriti aliuona uso wake, na tangu siku hiyo hakuusahau.

Mwishowe ni Bibi aliyekuja, amerudishiwa betri, akikohoa njia nzima. Akavuta maji ya bwawa kwa jaribio la kwanza tu, na moto ukazimwa. Babu Stuli alitolewa akiwa bado anapumua. Alifariki hospitalini kabla ya asubuhi.

Msibani Kimya hakulia wala hakusema. Alikaa ukutani amekumbatia magoti. Kibiriti alipokaa karibu naye, Kimya aliuliza swali moja tu: "Kwa nini maji hayakutoka?"

Akilini Kibiriti alimwona mama yake akifukuzwa kazi, akaona vyombo vyao vikitolewa nje ya nyumba ya kituo. Akajisikia akisema, "Asubuhi ile fundi wa maji alikuwa amefunga bomba la kituo. Gari lilitoka na tangi nusu."

Fundi wa maji alikuwa jirani yao, mtu wa baiskeli, aliyezunguka mitaani akifungua na kufunga maji kwa zamu. Yeye na Babu Stuli walicheza bao kila Jumapili na kugombana kila Jumapili. Siku ya mazishi alifika amevaa shati jeupe. Wajomba wa Kimya, ambao maneno ya Kibiriti yalikuwa yameshawafikia, walimzuia mlangoni.

"Wewe umemuua mzee wetu, halafu unakuja kutupa pole?"

"Mimi? Jamani, mimi nimefanya nini?"

"Toka hapa!"

Alijaribu kueleza, sauti yake ikamezwa na za wengine. Akageuza baiskeli yake na kuondoka akiisukuma, hakuipanda. Kibiriti alitazama shati lile jeupe mpaka likapotelea kwenye kona.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama amekaa mbele ya chakula kilichopoa. Alimwambia yote kwa pumzi moja, kisha akalia. "Na mimi ndiye niliyekuharakisha siku ile, mama. Ni mimi."

Kibiriti alitegemea kugombezwa, lakini mama alimvuta karibu yake.

"Sikiliza, mwanangu. Wewe ni mtoto, uliona aibu. Kusema 'hapana' ilikuwa kazi yangu, na sikuisema. Hilo usilibebe. Lakini huu uongo ni wako, na umemwangukia mtu asiye na kosa." Alifuta uso wake kwa kiganja. "Na mimi sina tofauti na wewe. Halmashauri imeunda kamati ya uchunguzi. Mkuu ametuomba tuseme mpira uliziba kwa tope la bwawa. Nilikuwa nimeshakubali."

"Sasa tutafanyaje?"

"Vaa viatu."

Bibi yake Kimya aliwapokea kwenye mkeka, wajomba wakiwa wameketi kando. Mama hakuzungusha maneno. Alisema pampu ilikuwa mbovu tangu kiwandani, kwamba yeye mwenyewe aliweka sharti la kuijaribu, na yeye mwenyewe akaliacha siku ya sherehe. Kibiriti naye akasema, kwa sauti iliyokwamakwama, kwamba fundi wa maji hakufunga bomba lolote.

Mjomba mmoja aliinuka kwa hasira. "Mwache amalize," bibi alisema. Kisha akamgeukia mama. "Hilo jaribio lingechukua muda gani?"

Mama aliinamisha kichwa. "Muda wa kuchemsha maharage, mama."

Bibi yake Kimya alirudia maneno hayo polepole, kama mtu anayesoma barua asiyoielewa. "Maharage," alisema. "Mume wangu amekwenda kwa muda wa kuchemsha maharage." Ndipo alipolia, na Kimya akalia pamoja naye kwa mara ya kwanza, na Kibiriti hakujua aweke wapi mikono yake.

Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa fundi wa maji. Alimkuta akitia upepo gurudumu la baiskeli. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi mtu mzima, matusi nimeshayazoea," alisema. "Na wajomba walikuja jana usiku kuniomba radhi. Nimewasamehe, na wewe nimekusamehe. Ila rafiki yangu sikumzika, binti. Hilo halirudi." Akaendelea kutia upepo.

Mama alisema ukweli ule ule mbele ya kamati ya uchunguzi. Mwakilishi wa kiwanda alibanwa maswali hadi tabasamu likamwisha, na mkuu wa kituo akakiri habari ya tope. Kiwanda kikaamriwa kutengeneza pampu zote tatu, na Bibi akarudishwa kazini. Mama hakufukuzwa, lakini alivuliwa ukuu wa ufundi na kuhamishiwa kituo cha mbali. Wangeondoka kwenye nyumba ile mwisho wa mwezi.

Kabla ya hapo jaribio lilifanyika. Safari hii hakukuwa na bendi wala Meya. Kulikuwa na shimo la maji, magari matatu na jua kali. Bibi yake Kimya alifika bila kualikwa, akimshika mkono mjukuu wake, na fundi wa maji akaja nyuma yao na baiskeli. Mkuu wa kituo alihangaika. "Mama, njoo ukae ndani, kuna feni. Tutakuita likiisha."

"Nitakaa hapa hapa," alisema bibi huyo. "Nataka kuona."

Kibiriti alikimbia nyumbani na kurudi na kistuli chake, kile cha karibu na dirisha. Bibi yake Kimya alikipokea. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye miguu yake, pale mumewe alipopiga msasa, kisha akakiweka juani na kukaa.

Gari la kwanza lilivuta maji, likaendelea kuvuta. La pili pia. La tatu lilivuta vizuri mwanzoni, na mwakilishi wa kiwanda akaanza kukusanya vitu vyake. "Bado," alisema mama, aliyekuwa ameshika tu mpira kama fundi wa kawaida. Wote wakangoja. Jasho liliwatiririka. Mara pampu ikapiga mluzi ule ule wa siku ya moto, ikatema hewa. Kimya akaziba masikio.

"Hili linarudi kiwandani," alisema fundi mkuu mpya, na safari hii hakuna aliyebisha.

Bibi yake Kimya aliinuka taratibu na kumwita Kibiriti. "Umeona? Lingepokelewa, lingekwenda kuua mwingine. Kwa hiyo ukikua, mtu akikagua kitu ambacho uhai wa watu unakitegemea, usimharakishe, hata kama mfalme yuko juani. Na ukikosea, useme mapema mwenyewe, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako. Mama yako alichelewa. Lakini amesema, na mimi nimemsikia."

"Ndiyo, bibi."

"Chukua stuli yako."

"Kaa nayo wewe, bibi. Za kwenu zote ziliungua."

Bibi yake Kimya alikikumbatia kistuli kifuani na kuanza safari ya nyumbani, fundi wa maji akitembea kando yake. Kimya alibaki kidogo. Alilitazama gari lile jekundu, bado zuri, bado linang'aa.

"Kibiriti," alisema, "huko mnakohamia ni mbali sana?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu lile la msibani. Kibiriti alimshika mkono, wakakaa pamoja kwenye ukingo wa shimo, akamjibu ukweli.

"Ni mbali," alisema.