Kamba Haijagusa Maji

—Alex, hii kamba ni ya nini?

Bernadetta aliitupa mezani. Ilikuwa bado imefungwa kwenye nailoni ya dukani, pamoja na chuma chake cha kuzamisha.

—Ya kupimia kina cha ziwa. Umeitoa wapi?

—Stoo, chini ya magunia. Hatuna nyingine. Wiki sita napiga chapa vipimo vyako. Ulipimia nini, mate?

Alexander Bagenda akacheka.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Mgao wa umeme ulikuwa umeichosha Mwanza, na viwanda vya Nyakato vilizima mashine mchana kweupe. Kampuni moja ya watu binafsi ilifungua ofisi Mirongo, ikitaka kulaza waya mkubwa chini ya ziwa, kuunganisha umeme wetu na wa Uganda. Alexander alikuwa mpimaji, Bernadetta mpiga chapa. Jumamosi washenga wa Alexander walikuwa waje kwa kina Bernadetta na posa.

—Punguza sauti, mpenzi. Kote nimeandika tope laini. Nani atazama kuhakikisha?

—Nkwabi wa boti anasema kule kuna mawe yanayochana nyavu. Waya si utakatika?

—Nkwabi ni mvuvi. Mimi nina cheti.

—Haya, mwenye cheti, wiki sita ulikuwa wapi? Siku ya dhoruba nilishinda kanisani nimepiga magoti nikikuombea!

Alexander akainamisha kichwa, sauti ikalainika.

—Nilikuwa Bukoba. Mama anaumwa sana, Berna. Sikutaka kukutia simanzi kabla ya posa.

Bernadetta akamwonea huruma kwa muda mfupi. Kisha akavuta simu. Mama yule, mwalimu mstaafu, namba yake ilikuwa kwenye kitabu cha ofisi.

—Weka chini hiyo simu!

—Nampa pole mkwe wangu... Haloo? Shikamoo, mama. Napiga kutoka Mwanza, ofisini kwa Alexander.

—Marahaba, Winnie mwanangu! Mjukuu wangu ameacha kuharisha? Alex aliniandikia kwamba anakaa nanyi Sengerema mpaka mtoto apone.

—Na wewe, mama, afya?

—Mimi mzima kabisa! Natoka kupalilia migomba sasa hivi.

Bernadetta akarudisha simu taratibu. Alexander akanyoosha mkono kumshika bega. Bernadetta akaruka nyuma kama aliyeguswa na kitu kilichooza.

—Usiniguse! Unatoka kwa mwanao anayeumwa, unakuja kunibusu? Mama yako mzima unamlaza kitandani kwa mdomo wako?

—Winnie ni mambo ya zamani...

—Mtoto anaharisha leo!

Akajifuta midomo kwa kitambaa, akakitupa kwenye pipa la taka. Akatia karatasi mpya mashineni. Mbele ya kila tarehe, penye nafasi ya kipimo, akapiga neno moja: Hakupima. Hakupima. Hakupima.

—Utanifukuzisha kazi, Berna! Nakuomba.

—Toka. Unanitia kichefuchefu.

Mzee Mayala, mkuu wa ofisi, alisoma ukurasa wa kwanza, akasikia na habari ya Sengerema, akavua miwani. Akaitazama kamba, akamtazama binti.

—Pole, mama. Na washenga wa Jumamosi? Tuwazuie?

—Waache waje, mzee. Nimeshaongea na Nkwabi. Atawapokea gatini wakishuka melini na kuwavusha Sengerema. Posa wakampe mama wa mtoto.