Mkono Ulioshika Habu

Kling.

Mara moja tu, kama spana iliyoanguka kwenye sakafu ya saruji. Khalfan alifumbua macho gizani akangoja mlio wa pili. Haukuja. Nyumba yake ya Manassas, Virginia, haikuwa na mtu mwingine. Mkewe, Ummu, alikuwa amehamia kwa dada yake Arlington, na kijana wao alikuwa amekufa kwa ajali ya gari majira ya baridi yaliyopita. Gereji aliifunga mwenyewe kabla ya kulala.

Asubuhi alikuta spana zimepangwa juu ya kitambaa, kubwa kushoto, ndogo kulia. Yeye hupanga kinyume. Aliyekuwa akizipanga hivyo ni mwanawe.

Injini nayo ilikuwa ya mwanawe. Ilitoka kwenye gari kuukuu, na kijana alikuwa akiigeuza iwe ya ndege ndogo ya kujiundia nyumbani, yenye viti viwili, kimoja chake, kimoja cha baba. Khalfan aliapa kuimaliza. Kitu kimoja tu hakukiweza, kulitaja jina la marehemu. Siku ya hitima, imamu alipomwuliza amwombee nani, Khalfan alinyanyuka katikati ya dua akaenda kutafuta viatu vyake. Ummu aliondoka wiki ileile.

"Ukiweza kumtaja, nipigie," alisema. "Mimi siwezi kuomboleza peke yangu."

Zuhair, mtu wa Lamu aliyefanya naye kazi kwenye maegesho ya hoteli moja Alexandria, alicheka aliposikia habari ya spana.

"Sheikh, uzee huo. Umepanga mwenyewe, umesahau."

"Na harufu? Gereji nzima yanuka sabuni ya machungwa, ile ya kutolea grisi. Mimi niliitupa zamani."

Zuhair aliacha kucheka. "Jana ulikuwa ukifanya nini humo?"

"Nilivisha gia kwenye krenki." Krenki ni ule mhimili mzito uliopindapinda ndani ya injini. Gia huchemshwa kwenye mafuta mpaka ipanuke, kisha huvishwa haraka. Ikipoa hubana, haitoki tena.

"Na hayo mafuta ya moto, ukayamwaga wapi?"

"Nje, kwenye theluji."

"Ulisema bismillahi?"

Khalfan hakuwa ameisema. Kwao Unguja mama yake hakumwaga hata maji ya moto uani bila kusema bismillahi, ili wenyewe wasioonekana, majini, wawaondoe watoto wao.

"Lahaula," Zuhair alinong'ona. "Umeunguza mtoto wa wenyewe. Sasa kijini kimekuja kuchukua nafasi ya wako. Sikiliza, Khalfan, kitakuomba jina. Ukikiita kwa jina la mwanao, limeshakuwa lake, na hakitoki tena nyumbani kwako. Ukimtaja mwanao kwenye dua, kama maiti anavyotajwa, hakina cha kuvaa. Nitakuja Jumapili."

Khalfan alipaswa kuogopa. Badala yake, jioni ile alizima redio ili asikie vizuri. Aliinama juu ya injini na, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma kama walivyozoea yeye na mwanawe. Spana iliwekwa kiganjani. Ilikuwa ya moto.

Kesho yake alishuka na vikombe viwili vya chai.

"Umechoka, Baba," sauti ikasema nyuma yake. "Kaa kidogo."

Kiswahili safi cha Unguja, kila neno mahali pake. Khalfan alilia kwa furaha. Mwanawe, mzaliwa wa Virginia, alikuwa akisemeshwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, maisha yake yote.

Jumapili, jua likikaribia kuzama, ikafika zamu ya habu, kile kipande cha chuma kinachokaa kwenye ncha ya krenki ili pangaboi la ndege lifungwe hapo. Zuhair alisimama mlangoni na tasbihi, midomo ikicheza, akakataa kuingia. Khalfan aliinua habu kutoka kwenye mafuta kwa glavu nene, akaisukuma, ikaingia nusu, ikakaa upande, na alijua kwamba isiponyooshwa sasa hivi itaganda hapohapo na krenki itaharibika, na alijua pia kwamba mikono miwili haitoshi, na ndipo kutoka ng'ambo ya injini, palipokuwa na ukuta tu, ikatoka mikono mingine, mitupu, ya kijana, ikaishika habu ile ya moto bila ngozi kutoa hata moshi, huku harufu ya machungwa ikijaa mpaka machozi yakamtoka.

"Nitaje, Baba. Nitaje tu, nitaisukuma, tumalize ndege yetu, nisiondoke tena."

"Usikiite!" Zuhair alipaza sauti, ikamkatikia. "Mtaje kwa Mola wake! Ewe Mola, mrehemu mja wako... Nani, Khalfan? Namwombea nani?"

Khalfan aliitazama ile mikono, akawaza jinsi nyumba itakavyokuwa kesho, kikombe kimoja, hakuna wa kumpa spana, kisha akakumbuka simu ya mwisho, siku ya barafu, alipomwambia mwanawe aendeshe polepole, na mwanawe, kwa uvivu wake uleule, akajibu, Okay, Dad, kwa sababu hakuwahi hata siku moja kumwita Baba.

Akaiachia habu.

Chuma kilitoa mlio mdogo, kikabana upande, basi tena. Khalfan alivua glavu, akageukia kibla, akainua viganja, na nyuma ya shingo yake pumzi ya moto ikawa inaita Baba, Baba, Baba, kila mara ikifanana kidogo zaidi na kitu kisichokuwa mtu, naye akafumba macho, akafungua kinywa, akasema:

"Sabri."