Moyo Uliruka Alhamisi

—Huyu Daktari Ngatia anakufanyia nini mpaka moyo ikuruke hivi?

Tryphosa aliweka kikombe cha chai chini. Kioko, mchumba wake, alikuwa amesimama jikoni kwa Tryphosa, mtaa wa Skuta, mishipa ya shingo imemtoka.

—Moyo gani?

—Yako! Alhamisi, akiingia class tu, mapigo inapanda kama mtu anakimbia. Akitoka, inashuka.

Tryphosa alifundisha maadili chuo kikuu, wanafunzi wa uhandisi wa vifaa vya hospitali. Walikuwa wametengeneza mkanda wa kupima mapigo ya moyo, naye akajitolea kuuvaa. Kila Alhamisi Daktari Ngatia alikuja kumsaidia kufundisha. Kioko ndiye aliyetunza maabara zilimowekwa rekodi za mkanda huo, na tangu amwone Ngatia akimshikia Tryphosa mwavuli, wivu haukumtoka.

—Kioko, ulifungua rekodi yangu?

—Jibu kwanza.

—Nilikubali wanafunzi wa mradi peke yao ndio waone. Wewe uliomba nani ruhusa?

—Wewe ni bibi yangu!

—Bado.

Neno hilo lilimchoma.

—Kwa hivyo ni ukweli?

Tryphosa alimkazia macho.

—Ni ukweli. Ngatia anapendeza. Moyo iliruka, lakini mimi sikuruka. Nilimaliza somo nikakuja kukupikia. Hiyo haukuona kwa mashine? Sasa toka.

Kesho yake ujumbe wa Tryphosa ukaingia kwenye simu ya Kioko: "Mwanafunzi akifanya hivyo namwangusha. Wewe nikufanye nini?"

Kioko akajibu: "Niadhibu kama mwanafunzi."

Tryphosa akamtaka aungame kosa lake darasani, na Alhamisi Kioko akasimama mbele ya wanafunzi. Ngatia alikuwa ameketi kiti cha mbele, tai imemkaa vizuri, na Kioko alitamani kuing'oa. Hata hivyo alisema yote, kisha akawakabidhi wanafunzi ufunguo wa kabati la rekodi.

Ngendo, mwanafunzi mmoja, akainua mkono.

—Si ungemuuliza tu?

—Niliogopa jibu.

—Na sasa?

—Sasa nimelijua. Naogopa zaidi.

Darasa likacheka. Ngatia akainamisha kichwa. Tryphosa hakucheka. Alimfuata Kioko hadi mlangoni, akasema polepole:

—Daktari ataendelea kuja kila Alhamisi. Utaweza?

Kioko aligeuka kumtazama Ngatia. Wivu ulikuwa bado haujamtoka.

—Itaniuma. Lakini nitakuuliza wewe, sio mashine.

—Basi pigia mama yako simu. Mwambie harusi iko.