Kikopo Kisichofunguliwa Kilikuwa Safi

Je, mtu akisema "inawezekana" amesema uongo?

Swali hilo limeninyima usingizi kwa wiki nyingi. Najijibu hapana, nageukia upande wa pili... najijibu ndiyo.

Ndugu wasomaji, mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, mwenyeji wa Lionja, Nachingwea. Chuo kikuu nilisomea vijidudu, vile viumbe visivyoonekana kwa macho. Nilipomaliza nilituma maombi ya kazi mpaka nikakata tamaa. Aliyenipokea ni shangazi yangu Somoe, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza losheni ya ufuta pale Nachingwea mjini.

Nilipewa kazi ya kupima kila mchanganyiko kabla haujatoka, na kupanga kiasi cha kihifadhi, yaani dawa inayozuia losheni isiharibike. Tulikuwa na mashine ndogo ya mkononi. Unachovya kijiti chenye pamba kwenye losheni, unakiingiza kwenye mashine, na baada ya muda mfupi inakupa namba. Namba ndogo, losheni safi. Namba kubwa, kuna vijidudu. Akina mama waliipenda mashine ile kuliko walivyonipenda mimi. Waliniita Mtaalamu, nusu utani, nusu heshima.

Kisha wateja wakaanza kulalamikia harufu. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, punguza hiyo dawa yako. Watu wanasema ukijipaka unanuka wodi."

Nikapunguza nusu nzima.

Hapo ndipo nilipokosea. Ukibadilisha kiasi cha kihifadhi, unatakiwa kuchukua losheni kidogo, kuitia vijidudu makusudi, kisha kuifuatilia karibu mwezi mzima uone kama dawa inavishinda. Maana losheni ikishanunuliwa inaingizwa vidole kila siku, vidole vilivyotoka kumenya muhogo, vidole vilivyotoka kumbadilisha mtoto nepi... Mashine yangu ilijibu swali la leo tu. Haikuweza kuniambia losheni itakuwaje baada ya vidole vyote hivyo.

Nililijua hilo. Liliwahi kutoka kwenye mtihani na nikalipata! Lakini ulikuwa msimu wa korosho, watu wana hela, na maduka ya Ruangwa yanasubiri mzigo. Mimi ambaye narudi mara mbili mbili kuangalia kama nimefunga mlango, jambo hilo moja sikulirudia. Nikapima, namba ikaja ndogo, nikasema mzigo uende.

Haukupita muda vikopo vikaanza kurudi. Losheni imejitenga, maji juu, harufu ya uchachu. Wengine walisema inawawasha.

Shangazi akaitisha kikao. Asubuhi ya siku ya kikao niliwahi peke yangu, nikapima kikopo kimoja kilichorudishwa. Namba ikapanda vibaya. Kisha nikatoa kabatini vikopo vya mchanganyiko ule ule ambavyo huwa tunavihifadhi bila kuvifungua. Cha kwanza safi. Cha pili safi. Vyote safi...

Mnaelewa maana yake? Losheni ilitoka kwetu ikiwa nzima. Uchafu uliingia kwa vidole vya wateja, kama unavyoingia siku zote, na dawa niliyoipunguza mimi ikashindwa kuuzuia. Aliyejaza vikopo hakuwa na kosa lolote.

Aliyejaza vikopo ni Mama Kulwa. Familia yake ilihamia huku na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, wakaweka boma nje kidogo ya mji. Kwenye kikundi alikuwa mgeni pekee. Mweka hazina wetu, Bi Zuhura, hakungoja hata kikao kifunguliwe.

"Mikono inayokamua ng'ombe asubuhi ndiyo hiyo hiyo inajaza losheni mchana," alisema. "Mlitegemea nini?"

Mama Kulwa hakupandisha sauti. "Maziwa ya ng'ombe hao hao unanunua kwangu kila siku, Bi Zuhura. Kuna siku umeharisha?"

Watu wakacheka, Bi Zuhura akanuna. Ndipo shangazi akanigeukia. "Mtaalamu, uchafu unaweza kuwa umetoka kwa mjazaji?"

Mawazo yalinipita mbio kichwani. Nikisema kweli nitafukuzwa. Shangazi ataaibika. Nitarudi Lionja na cheti changu kwenye bahasha... Halafu nikajiambia kwamba kisayansi mkono wowote unaweza kuchafua chochote, kwa hiyo sitakuwa nimedanganya.

"Inawezekana," nikasema.

Mama Kulwa aliniangalia. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani, akatoka.

Nilidhani yataishia pale. Hayakuishia! Maneno yalifika sokoni, na watu wakaacha kununua maziwa yake. Nilikutana naye akirudi na dumu bado limejaa, nikavuka barabara nijifanye simjui. Dumu lile ndilo lililokuwa likisomesha watoto wake.

Na mimi nilifanya nini? Kimya kimya nikarudisha kihifadhi kwenye kiasi chake cha zamani. Mzigo mpya ukawa mzuri, na akina mama wakasema, mnaona, tangu aondoke yule mama mambo yamenyooka. Nilisikia hayo, nikaendelea kupima. Ule mzigo mbovu uliobaki kwenye maduka ya Ruangwa sikuuulizia. Niliomba tu uishe wenyewe.

Haukuisha. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Ruangwa amebeba mtoto mchanga. Alimfunua mapaja. Yalijaa vipele vyenye usaha, pale alipokuwa akimpaka losheni yetu. Hospitali walishamwanzishia dawa, na alituambia anaendelea vizuri. "Sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuwaambia dukani bado zipo."

Bado zipo...

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Kulwa. Nikamweleza yote, vikopo vya kabatini, dawa niliyopunguza, na nilivyonyamaza. Nilitegemea alie au anitukane. Aliendelea kuosha madumu yake.

"Mimi usiniambie," alisema. "Mimi najua sikuchafua. Kawaambie wale."

Ndugu zangu, hasa vijana mliosoma mkaaminiwa na watu, nawasihi. Msijifiche nyuma ya neno ambalo si uongo kamili. Kipimo kikikuonyesha kosa ni lako, sema siku hiyo hiyo, ukiwa bado unatetemeka. Ukisubiri utulie, kuna mtu anaumia badala yako.

Nilimwomba shangazi aite kikao. Nikawawekea mezani kikopo kilichorudishwa na vile vya kabatini, nikavipima wakiona. Nikawaambia nani alipunguza dawa. Bi Zuhura aliinamisha kichwa. Shangazi akauliza swali moja.

"Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, shangazi."

Nikachukua boksi tupu, nikaenda stendi kupanda gari la Ruangwa. Nilipita duka kwa duka, nikiwaambia wenye maduka kosa ni langu, na kukusanya kila kikopo kilichobaki.