Kanzidata ya Milimita

Asubuhi ile, ndugu zangu, ilianza kwa amani ambayo nyumba nyingi huitafuta kwa tochi. Bibi wa nyumba alikuwa ameshaoga, amevaa gauni lake la bluu, ameketi ukingoni mwa kitanda akicheka peke yake. Leo alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kwa miaka miwili alikuwa akimtambua mwanawe kwa sauti na wajukuu kwa vishindo. Mkwewe, mke wa mwanawe huyo, ambaye ni fundi cherehani, alipiga magoti kumfunga viatu.

"Leo hatuachani njiani?" Bibi alimuuliza mwanawe.

"Hatuachani, mama. Hata ofisi iungue."

Mwana huyo kazini walimwita Milimita. Alikuwa mchoraji katika karakana ya milango na madirisha, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuna aliyewahi kumkamata amekosea hata milimita moja. Bibi alikuwa na sababu ya kuuliza. Miezi minane nyuma walikwenda hospitali hiyohiyo, simu ikaita, Milimita akasema "narudi sasa hivi," akarudi jioni. Zamu ikapita, bibi amekaa kwenye benchi kutwa nzima. Daktari alipowapangia tarehe mpya aliwaonya kwamba jicho la kulia limefika pabaya, likicheleweshwa tena huenda lisione kamwe.

Sasa niwaambieni kwa nini simu zilimfuata hivyo. Zamani, kuchora milango ya jengo moja kulichukua siku tatu. Milimita akaketi akatunga makro, yaani amri fupi zinazoiendesha ile programu ya kuchorea. Vipimo vya wateja wote akaviweka kwenye kanzidata, ghala la taarifa lililo nje ya programu yenyewe, kisha akaviunganisha hivyo viwili. Ukiandika namba ya jengo, makro inakwenda ghalani, inachota vipimo, inachora. Siku tatu zikawa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Ilikuwa kazi nzuri, tusimnyime haki yake, na watu walimpigia makofi.

Makofi yakamlevya. Kanzidata ile hakuiweka kwenye kompyuta ya ofisi. Aliiweka kwenye mpakato wake mwenyewe, ile kompyuta ya kubeba, nyumbani, juu ya kabati, ukiwaka usiku na mchana, ofisi ikiufikia kwa mtandao. Neno la siri alilijua yeye na Muumba wake. Mchoraji mwenzake, binti mmoja mwepesi wa kushika mambo, alipoomba kufundishwa alijibiwa, "Mdogo wangu, utaharibu." Bosi wao, mama mmoja mstahimilivu, alipoomba maelezo japo ukurasa mmoja, Milimita alisema ataandika. Mwaka wa sita huo, bado anaandika. Na mafundi wa msumeno aliwapiga marufuku kuhoji: "Mchoro ukishatoka kwenye kompyuta, nyinyi kateni." Alipenda kutafutwa, jamani. Simu ikiita ndipo anajiona mtu.

Hata mkewe hakuambiwa kile kidude cha kabatini kinafanya nini. Basi walipoondoka kwenda hospitali, mama wa watu akahitaji soketi ya cherehani yake ya umeme. Akachomoa waya mmoja, akachomeka mwingine, akaendelea na mashono yake. Betri ya mpakato ilikufa zamani, kwa hiyo ukazimika palepale.

Kule karakanani binti akaandika namba ya kazi ya siku: milango ishirini na minne ya wodi ya wazazi. Makro ikaenda ghalani ikakuta kumefungwa. Ilipaswa isimame na kusema. Lakini Milimita, siku zile alipokuwa anaijaribu, aliiwekea vipimo vya mazoezi ili isikwame, vipimo vya banda la kuku wake, na hakuviondoa. Makro ikavichukua, ikachora kimya kimya, mistari imenyooka ajabu. Fundi wa msumeno alikuna kichwa, akakumbuka ile marufuku, akakata. Alikata mitano. Alipousimamisha mmojawapo, haukumfika hata kiunoni.

Simu iliita hospitali, bibi akiwa wa tatu kwenye foleni.

"Milimita," alisema bosi, "kwani wazazi wataingia wodini wakitambaa?"

"Vipi, mama?"

"Milango yote mifupi! Gari la wateja linakuja saa kumi. Hakuna anayeweza kurekebisha. Njoo."

Milimita akasimama, miguu ilikuwa na mazoea yake. Muuguzi akasema bila kuinua macho, "Msindikizaji aliyetia saini akiondoka, mgonjwa anarudi mwisho wa orodha. Na orodha yetu ni ya miezi."

Bibi hakumvuta wala hakulia. Alisema tu, "Nenda, mwanangu. Nimeshazoea."

Maneno hayo yalimchoma. Kama mama yake angegombana, angepata kisingizio akaondoka. Milimita aliketi, akamwomba bosi amtume binti nyumbani kwake, kisha akampigia mkewe.

"Mke wangu, ule waya wa kabatini..."

"Nimeuchomoa. Kwani unafanya nini ule?"

"Kosa langu, sikukuambia. Urudishe, uwashe, binti wa ofisini anakuja."

Karakana ilikuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani. Baada ya dakika kumi binti akapiga.

"Kaka, nimefika kwa wifi. Neno la siri?"

Milimita akatazama benchi lililojaa watu kulia na kushoto. Akanong'ona.

"Sikusikii, kaka!"

Akanong'ona tena.

"Cherehani inanguruma hapa, sema kwa sauti!"

"Hakuna kama mimi!" alipaza.

Korido nzima ikageuka. Mzee mmoja mwenye bendeji akauliza, "Hata hospitali unakuja kujisifu, baba?" Watu wakaangua kicheko, na bibi akacheka mpaka muuguzi akamsihi atulie, presha isije ikapanda.

Milimita akamwelekeza binti jasho likimtoka: ahamishie kanzidata ofisini, abadilishe ule mstari wa makro unaotaja ilipo, afute vipimo vya banda, na aiamuru makro ikikosa vipimo isimame na kusema. Alidhani itachukua siku nzima. Baada ya dakika arobaini binti akapiga tena.

"Tayari, kaka. Milango inatoka mirefu. Na maelezo nimeyaandika, ukurasa mmoja na nusu."

Aliumia kidogo, tusifiche. Siri ya miaka sita, kumbe ni ukurasa mmoja na nusu! Lakini pia alipumua. Bibi alipoitwa, walikwenda mkono kwa mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Saa kumi gari lilikuta milango kumi na minane, na sita ikafuata asubuhi.

Kesho yake bendeji ilitolewa. Bibi akapepesa macho, akamtazama mtu aliyeketi mbele yake kwa muda mrefu, kisha akamgusa kichwani.

"Una mvi," alisema. "Mwanangu, umezeeka lini?"

"Nilikuwa kazini, mama."

"Basi kaa hapo, nikuangalie."

Akakaa. Simu yake haikuita siku ile, na wala hakuitazama.

FUNZO

Ndugu zangu, tusijifanye watu wa lazima kazini mpaka nyumbani tukawa wageni. Milimita hakukosea kwa kuwa hodari. Alikosea kwa kuufungia uhodari wake na kuwakataza wenzake kuuliza, na kidogo tu mama yake angebaki gizani. Ofisi ilipata wa kuifanya kazi yake ndani ya dakika arobaini. Bibi alikuwa na mwana mmoja. Kama nawe kazini kwako kuna jambo unalolijua peke yako, kesho mwite mwenzako, mvutie kiti, umfundishe.